Wastani wa Nani? Uhakiki wa Lugha ya Somo la Takwimu katika Shule za Masisi na Walikale

Mwanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari, yale ambayo Kongo yote huyaita humanités, akiwa Masisi au Walikale, huifikia sura ya takwimu akiwa na lugha tatu kichwani. Ya kwanza ni ya nyumbani: Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kikumu, Kitembo au nyingineyo. Ya pili ni Kiswahili, lugha ya soko, ya barabara na ya kituo cha afya, mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006. Ya tatu ni Kifaransa, lugha ya ubao na ya Examen d'État. Sura yenyewe si ngumu kwa upande wa hesabu. Ajuaye kujumlisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili aweza kuimaliza. Ugumu wake umo katika majina, na makala haya yanayachunguza majina hayo machache: yanabeba maana gani yanapotamkwa mbele ya mwanafunzi wa wilaya hizo mbili, na yanaacha nini nje.

Neno takwimu lenyewe lina historia ya kupotoka njia. Asili yake ni Kiarabu taqwim, ambalo huko kwao ni kalenda. Elimu tunayoizungumzia hapa Waarabu huiita ihsaa, yaani kuhesabu hata kumaliza. Kiswahili kilichukua neno la kalenda kikalipa kazi ya hesabu za idadi, na hakuna haja ya kulalamika, kwani lugha zote hufanya hivyo. Lakini pepe la asili halikupotea kabisa. Kwa msikilizaji wa kawaida takwimu ni orodha ya tarakimu zilizokwisha pangwa na kutolewa na wenye mamlaka, jambo la kupokewa, kama vile mtu apokeavyo tarehe. Kwamba takwimu ni kazi ya kuuliza, kuchagua na kukadiria, hilo neno halilisemi.

Neno lenye matata kuliko yote ni wastani. Katika Kiarabu wastani ni kile kilichoko katikati ya vingine. Kwa asili yake, basi, lingelifaa zaidi kuitwa jina la kile Wafaransa wakiitacho médiane. Matumizi yakaamua vinginevyo: katika hisabati za shule wastani ni jumla iliyogawanywa kwa idadi. Wakati huohuo, katika mazungumzo ya kila siku neno halikuacha maana yake ya zamani. Mtu wa wastani ni mtu wa kadiri, si tajiri wala si maskini. Nyumba ya wastani si kubwa wala si ndogo. Hivyo mwanafunzi aambiwapo kwamba wastani wa ng'ombe kijijini ni ishirini, hufahamu moja kwa moja kwamba mwanakijiji wa kadiri ana ng'ombe ishirini. Hajakosea Kiswahili. Amekosea takwimu, na ni Kiswahili kilichompeleka huko.

Je, Kifaransa kinamwokoa? Hapana, na hapa ndipo watetezi wa kubaki na Kifaransa hupita haraka mno. Katika lugha ya shule zote za Kongo, kupata moyenne ni kupata nusu ya alama, kiwango cha kuvukia darasa. Mtoto husikia neno hilo tangu shule ya msingi, kila robo ya mwaka, mara nyingi kwa hofu. Afikapo humanités akaambiwa kwamba la moyenne ni jumla juu ya idadi, tayari analo neno hilo moyoni kwa maana ya kizingiti. Darasa zima laweza kuwa na wastani wa asilimia thelathini na tano, na mwanafunzi akabisha, kwa haki ya lugha yake, kwamba thelathini na tano si moyenne. Le mode nalo humfikia likiwa limevaa nguo za mtumba: mitindo ya mavazi. Katika hilo ajali si mbaya, maana lililo la mtindo ni lile linaloonekana kwa wengi, na mwalimu mwerevu aweza kuitumia. Médiane amekwisha kukutana nayo kwenye pembetatu. Na katika écart-type, neno type kwake ni aina, au ni jamaa fulani asiyetajwa jina.

Mfano mmoja wa kubuni utaonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme kijiji kina familia tisa. Tatu hazina ng'ombe, mbili zina mmoja mmoja, mbili zina wawili wawili, moja ina watatu, na ya tisa ina mia moja na sabini na mmoja. Jumla ni 180; wastani ni 20. Familia ya katikati, ukizipanga kwa safu, ina ng'ombe 1. Idadi inayojirudia zaidi ni 0. Majibu matatu kwa swali moja, yote sahihi. Mchepuko, ukiukokotoa, unakaribia 53, yaani ni mkubwa kuliko wastani wenyewe mara mbili na zaidi, dalili ya kwamba namba 20 haimwelezi mtu yeyote kijijini hapo. Hakuna familia hata moja yenye idadi iliyo karibu na ishirini.

Mfano huu haukutolewa hewani. Milima ya Masisi inajulikana kwa malisho yake na jibini yake, na tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973 na utaifishaji wa mashamba ya wageni uliofuata mwaka huohuo, sehemu kubwa ya malisho hayo iliingia katika mikono michache, huku wakulima wakibaki na vijishamba vya mitelemkoni. Mwanafunzi anayetembea kwenda shule kando ya ua wa shamba kama hilo anajua kwa miguu yake kile ambacho wastani unakificha. Anachokosa ni neno la kukisema darasani. Mwalimu akimwambia kwamba wastani ni mgawo sawa, yaani kile ambacho kila mmoja angepata kama vyote vingegawanywa sawasawa, ghafla namba ishirini inajieleza: inasimulia mgawanyo ambao haujafanyika. Kinachopendekezwa hapa si kulifuta neno wastani, ambalo limekwisha kukaa na halitatoka. Ni kulifundisha daima pamoja na maelezo hayo ya mgawo sawa, na kuiita médiane thamani ya kati, kwa maneno ambayo hata mchunga ng'ombe ayaelewa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mwalimu wa Masisi asichukue tu istilahi zilizokwisha kusanifiwa Afrika Mashariki. Swali ni la haki. Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianza kazi mwaka 1970; kazi yao katika istilahi haina mfano. Lakini huko Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba istilahi zilizokomaa kwa kutumiwa na vinywa vya watoto ni zile za ngazi ya chini: asilimia, grafu, wastani, jumla. Zile za ngazi ya juu, kama mchepuko, kigeu na sampuli, ziliishi zaidi katika orodha kuliko katika madarasa. Istilahi isiyotamkwa na mwanafunzi mbele ya ubao ni kama shoka lisilotiwa mpini. Mwalimu wa Walikale anayetazama mashariki, basi, anapokea vyuma vizuri na kuachiwa kazi ya kuchonga mipini mwenyewe. Mchepuko, kwa mfano, ni chuma kizuri sana: kuchepuka ni kuiacha njia kuu, na hakuna mtu wa barabara za Walikale asiyejua maana yake.

Kuna neno jingine ambalo orodha zote huliruka. Kifaransa husema population kwa kundi lote linalochunguzwa, liwe la watu, la magunia ya maharage au la mifuko ya kasiteriti iliyokuwa ikibebwa migongoni kutoka Bisie. Kiswahili kina idadi ya watu, ambalo tayari ni namba. Kundi na hesabu yake vimeshikamana katika jina moja, na mwanafunzi hawezi kuvitenganisha. Hawezi kuuliza: kundi gani lilihesabiwa, na nani hakuwamo? Mkoa wa Kivu ya Kaskazini una karibu kilomita za mraba 59,500. Walikale peke yake ina zaidi ya 23,000, nyingi zikiwa msitu. Masisi haifiki 5,000, na imejaa watu. Ukizichanganya wilaya zote ukatoa wastani wa watu kwa kilomita ya mraba, umepata namba ambayo si ya msitu wala si ya mlima. Hata idadi yenyewe ya watu ni makadirio, kwani sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984, wakati Kongo ilipokuwa ingali Zaire na watu wake wakikaribia milioni thelathini. Kila idadi iliyotolewa baada ya hapo imejengwa juu ya ile, kwa kuzidishwa na kwa dhana. Inafaa kukumbuka kwamba nchi hii iliwahi kuchunguzwa kwa sampuli zamani zaidi, katika miaka ya 1955 hadi 1957, kazi ambayo wanademografia huirejelea hata leo. Haionekani kwa nini sura ya sampuli isianzie hapo, kwa mfano wa nyumbani.

Tena kuhesabu katika wilaya hizi si tendo lisilo na hatia. Zoezi la kuwatambua raia la mwaka 1991 lilizua ghasia Masisi, kwa sababu swali la nani ahesabiwe lilikuwa ni swali la nani ni mwenye nchi. Mwezi wa Machi 1993 vita vililipuka Ntoto, Walikale, vikaenea Masisi, na idadi ya waliouawa katika miezi iliyofuata hutajwa kwa namna zinazopishana kwa maelfu. Tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimekua vikiandikishwa: majina kwenye orodha za waliokimbia makwao, jetoni mkononi, foleni ya unga na mafuta. Vijana hawa wamekuwa data kabla ya kujifunza neno data. Mwalimu anayesema ubaoni "tuchukue watu mia" anazungumza na watu waliokwisha kuchukuliwa.

Ndipo tunafikia mfano mzito kuliko yote. Mwezi wa Januari 2008 shirika la International Rescue Committee lilitangaza kwamba tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007 Kongo ilikuwa na vifo milioni 5.4 ambavyo visingetokea kama si vita. Wengi wa waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, na karibu nusu walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Namba hiyo imesomwa redioni, imechorwa kwenye mabango, imeingia katika hotuba. Ni wachache walioeleza ilivyopatikana. Uchunguzi wa mwisho ulikuta vifo 2.2 kwa kila watu elfu kwa mwezi. Kiwango kilichochukuliwa kuwa ni cha kawaida kilikuwa 1.5, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Tofauti, 0.7, ndiyo iliyozidishwa kwa watu na kwa miezi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walipinga kwamba 1.5 ilikuwa ndogo mno kwa Kongo, nchi iliyokuwa fukara kuliko wastani huo hata kabla ya vita. Weka 2.0 mahali pa 1.5: tofauti inakuwa 0.2, na hesabu ya kipindi hicho inashuka chini ya theluthi moja. Kabla yao, wanademografia wa Kibelgiji walikuwa wamefika karibu vifo 200,000 tu kwa miaka ya 1998 hadi 2004. Mahesabu haya yote ni ya ngazi ya humanités. Kutoa na kuzidisha, hakuna zaidi.

Lakini tazama lugha inavyofanya. Kifaransa husema surmortalité, neno baridi la ofisini. Kiswahili hutafsiri vifo vya ziada. Ziada ni kile kinachobaki baada ya kutosha. Muuzaji mwema humwongezea mteja ziada. Mama aliyezika watoto wawili porini Walikale akisikia kwamba mmoja alikuwa wa ziada, ataelewa kwamba yule mwingine alikuwa wa haki yake. Na kwa ukali wote wa jambo hilo, ndivyo namba yenyewe inavyosema: kulikuwa na vifo ambavyo vilihesabiwa kuwa ni vya kawaida. Tafsiri hapa ni mbaya kwa hisia na ni nzuri kwa elimu, kwa sababu imefichua kile ambacho Kifaransa kilikifunika. Swali la mwanafunzi lingepaswa kuwa juu ya neno kawaida. Kawaida ya nani? Ya bara zima, ya Kongo ya mwaka 1984, au ya Masisi kabla ya 1993? Watafiti walibishana miaka miwili kwa maelfu ya maneno juu ya swali hilohilo.

Mtihani wa taifa, kwa muundo wake wa kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, hautamwuliza hivyo. Utampa safu ya namba na kumtaka wastani, na atakayejibu 20 atapata alama. Mwalimu mwenye saa chache za sura hii, pengine katika shule iliyofunguliwa tena juzi baada ya kimbilio la miezi, hawezi kulaumiwa akifundisha kwa ajili ya alama hiyo. Hata hivyo dakika kumi zatosha kuziandika familia tisa ubaoni, kwa Kiswahili, kisha kuwaacha wanafunzi wabishane ni namba ipi kati ya 20, 1 na 0 wangempa mgeni aliyekuja na karatasi kuuliza hali ya kijiji, na kama jibu lao lingebadilika mgeni huyo akiwa ametumwa na mtoza kodi, au na shirika la chakula, au na mwenye ng'ombe mia moja na sabini na mmoja.