Ukumbi Mzima Umo Ndani ya Santuri

Nimeisikiliza mara tatu tangu magharibi, sasa ni saa sita ya usiku, na mwili bado unanisisimka, kwa hiyo acheni niandike kabla moto haujapoa. Albamu ni Live at the Regal ya B.B. King. Ilirekodiwa Chicago tarehe 21 Novemba 1964, ikatoka mwaka uliofuata, na mimi leo ndiyo kwanza nakutana nayo! Miaka yote nilimjua B.B. King kwa picha: mzee mnene aliyekaa kitini, gitaa jeusi mapajani. Kumbe kuna huyu mwingine, mwanamume wa miaka 39 aliyesimama katikati ya jukwaa, mwenye sauti ya kuezua paa.

Rafiki yangu fundi redio hapa Tanga ndiye aliyeniazima sahani hii. Sindano ikagusa, ikakwaruza kidogo, mtangazaji akalitaja jina, na kabla hujasikia hata uzi mmoja wa gitaa unawasikia watu. Kisha bendi inaingia mbio na "Every Day I Have the Blues". Ngoma za Sonny Freeman hazingoji mtu, saksafoni mbili na tarumbeta zinasukuma kutoka nyuma, na gitaa linapita juu ya vyote hivyo jembamba, kali, safi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Sikumbuki nilikiweka wapi.

Nimewahi kusikia rekodi nyingi za jukwaani ambazo makofi yake yamegongwa mwishoni mwa wimbo kama muhuri kwenye barua. Hapa wasikilizaji wanapiga muziki! Wamo ndani ya wimbo, wanaingia kwa zamu yao, na zamu hiyo wanaijua. B.B. King alikuwa akikiri mwenyewe kwamba hawezi kuimba na kupiga gitaa kwa wakati mmoja. Basi anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linajibu, na katika ule upenyo mdogo unaobaki kabla ya mstari wa pili, wanawake wa Chicago wanapiga ukelele. Sauti, gitaa, ukumbi. Sauti, gitaa, ukumbi. Ukishaisikia mara moja huwezi tena kuacha kuisubiri.

Msisikilize gitaa peke yake, lakini hebu nilisemee kidogo. Linaitwa Lucille, na jina hilo lilitoka motoni. Majira ya baridi ya 1949, katika kijiji cha Twist, Arkansas, alikuwa akipiga kwenye ukumbi uliopashwa joto kwa pipa la mafuta ya taa yanayowaka. Wanaume wawili wakakamatana, pipa likapinduka, nyumba ikashika moto. B.B. alishatoka nje salama, akakumbuka gitaa, akarudi ndani kulichukua. Baadaye akaambiwa kwamba ugomvi ule ulikuwa juu ya mwanamke aitwaye Lucille. Na ule mtetemo wa uzi unaokufanya ufumbe macho una asili yake pia: ndugu yake wa upande wa mama, Bukka White, alipiga gitaa kwa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi. B.B. alijaribu, akashindwa, akaanza kutikisa kidole ili gitaa lilie vile vile. Kushindwa huko kumetupa sauti ambayo wapiga gitaa wa dunia nzima wameihangaikia.

Sasa tuingie pale niliposimama wima chumbani. Nyimbo tatu zimeungana bila kupumua: "Sweet Little Angel", "It's My Own Fault", kisha "How Blue Can You Get?". Kabla ya kuanza kuzirudia za zamani anawaomba watu wakisikia wanayoikumbuka wapige kelele, na mbele kidogo anawaomba wayasikilize maneno kuliko sauti yake au bendi. Yaani anawaheshimu! Anawakabidhi wimbo mkononi. Na katika "How Blue Can You Get?" anaanza kuhesabu alichompa mwanamke asiyeridhika na lolote, kimoja baada ya kingine, bendi ikigonga na kunyamaza, ikigonga na kunyamaza, mpaka anafika kwenye watoto. Ukumbi unalipuka. Mimi sina neno lingine. Si makofi, ni watu wanaocheka na kulia na kusimama kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja pale anamjua mtu wa namna hiyo, au ndiye.

Walikuwa nani hao? Regal ilikuwa Bronzeville, upande wa kusini wa Chicago, mtaa wa watu weusi, na ukumbi huo ulikuwa umefunguliwa mwaka 1928. Wengi katika mtaa ule walikuwa wamepanda treni kutoka Mississippi na majimbo jirani, au wazazi wao ndio waliopanda, wakikimbia mashamba ya pamba na kutafuta kazi viwandani. B.B. mwenyewe, Riley King kwa jina la kuzaliwa, alichuma pamba hukohuko Mississippi. Miaka ile vijana weusi wengi walikuwa wakiuacha muziki wa bluzi na kuukimbilia muziki wa soul, wakiona bluzi inawakumbusha unyonge. Ukijua hayo, vile vigelegele unavisikia vingine kabisa. Ni watu wanaompokea mtu wa kwao.

Inashangaza kwamba B.B. King mwenyewe alisema amewahi kupiga vizuri kuliko usiku ule. Namwamini. Mtu aliyefanya maonyesho 342 ndani ya mwaka mmoja, 1956, lazima alikuwa na usiku ambao vidole vyake vilikwenda mbali zaidi. Lakini usiku huo mwingine haukuwa na hawa wasikilizaji, na mtayarishaji Johnny Pate hakuwa pale na mitambo yake kuwanasa.

Upande wa pili ndiko iliko "Worry, Worry", zaidi ya dakika sita, na kama una muda wa wimbo mmoja tu maishani mwako wiki hii, nakusihi, uwe huu. Gitaa linazungumza peke yake kwanza, muda mrefu, bila haraka. Halafu anaimba kwa sauti ya juu kabisa, ile nyembamba aliyotoka nayo kwaya ya kanisani. Halafu anaacha kuimba, anaongea! Anawageukia kina mama kuwapa nasaha juu ya wanaume zao, anawageukia wanaume kuwaambia wasiwapige wake zao, na ukumbi unamjibu kila sentensi kama waumini wanavyomjibu mhubiri.

"You Upset Me Baby" ni ya kuchezea tu, inapita. "Woke Up This Mornin'", lo! Masikio ya mtu aliyekulia muziki wa dansi yatasimama palepale, maana mdundo ule ni wa Kikuba, jamaa wa karibu kabisa wa rumba yetu, kisha ghafla unageuka kuwa mwendo wa mbio wa Kimarekani, kisha unarudi. Sishangai tena kwamba miaka kumi baadaye, Septemba 1974, mtu huyu alisimama kwenye uwanja wa Kinshasa katika tamasha la Zaire 74. Kitu pekee ninachokilalamikia ni kwamba yote hayo yanaisha kwa dakika 35 tu, na wimbo wa mwisho, "Help the Poor", mzuri sana, unamalizika wakati mimi ndiyo kwanza nimekolea.

Mara ya pili nilipoigeuza sahani, mlango ukafunguliwa. Shangazi. Nikadhani amekuja kunigombeza kwa kelele. Ujanani mwake hakukosa onyesho la taarab la Black Star wala la Lucky Star, na Kiingereza hajui hata neno. Akasimama kizingitini, akavuta kanga begani, akasikiliza.

"Arusi ya nani hiyo?"

"Si arusi, Shangazi. Ni Mmarekani mmoja, anaimba."

"Na hao wanawake?"

"Wasikilizaji."

Akanyamaza. "How Blue Can You Get?" ilikuwa imefika kwenye ile hesabu ya zawadi. Bendi ikagonga, ikanyamaza. Bendi ikagonga, ikanyamaza. Ukumbi ukalipuka, na Shangazi akacheka kwa sauti, akapiga kofi moja, mkono wake wa kulia ukapanda hewani kama mtu aliyeshika noti anayekwenda kumtunza mwimbaji.

"Kamsema mtu huyo," akasema. "Mtu yumo humo ukumbini, na amejijua."

Akaja akakaa kitandani, kanga mapajani.

"Haya, mwanangu. Irudishe mwanzo."