Uhalisia na Viungo Vilivyofichwa

Aghalabu mtahiniwa akitakiwa kuthibitisha kuwa riwaya ni ya kihalisia, hujibu kwamba yanayosimuliwa "hutokea katika jamii". Jibu hilo halitoshi. Mengi hutokea katika jamii. Linaloulizwa ni jinsi mtunzi alivyoyaunga hata tukasahau kuwa yameungwa.

Tutazame Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa nchini kuanzia 2018 hadi 2022. Umulkheri anakutana na nduguye Dick katika uwanja wa ndege. Mwanafunzi mmoja hapa Amagoro aliniambia, "Mwalimu, hapo mwandishi ametupangia." Nilimwambia aandike "sadfa", tukaendelea. Nilimkosea, kwani alikuwa ameuona mshono. Tungeufuata uzi nyuma, tungemkuta Sauna akiwaiba watoto, kisha Dick akitumbukizwa katika ulanguzi wa dawa za kulevya, kazi inayomzoesha safari za ndege. Mahali pa kukutania paliandaliwa mapema. Mtoto aliyekulia karibu na Malaba anajua kwamba anayeishi kwa kuvuka mpaka hutafutwa mpakani. Saa ya kukutana ndiyo inayobaki kuwa ya bahati tupu, na mtahiniwa ana haki ya kulisema hilo na kutuzwa.

Ufichaji huu umekithiri katika hadithi ya tarakilishi inayosomwa kwa viungo. Mmarekani Michael Joyce alitunga afternoon, a story mwaka wa 1987. Peter anashuku kwamba ajali aliyoipita asubuhi iliwahusu mwanawe na mama ya mtoto huyo. Msomaji hubonyeza neno lolote. Maneno yenye viungo hayakutiwa alama. Isitoshe, baadhi ya viungo havifunguki kabla ya kurasa fulani kusomwa. Dokezo kwamba huenda Peter mwenyewe anahusika na ajali hiyo halimfikii kila msomaji. Msomaji hudhani anajichagulia njia, kumbe milango ina bawabu. (Hata hivyo, kuzungukazunguka kule kunafanana mno na akili ya mtu anayeogopa kupiga simu hospitalini. Huo nao ni uhalisia.)

Tofauti ni kwamba riwaya ya karatasi hutuwezesha kurudi nyuma na kuukagua mshono. Kwa hivyo tulitumie fursa hiyo darasani. Waulize watahiniwa: Sauna akiondolewa katika riwaya, ni matukio gani yatakayobaki bila sababu?