Ufa Sakafuni

Mjini London, Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo na jumba la sanaa la Tate Modern yanatazamana, mto Thames ukipita katikati. Daraja la waenda kwa miguu linaunganisha pande hizo mbili. Mtalii anayeingia kanisani kutazama hulipa kiingilio, ingawa anayekuja kusali halipi. Anayevuka kwenda kuona hazina ya kudumu ya jumba la sanaa halipi chochote. Jumba hilo zamani lilikuwa kituo cha kufua umeme. Lilifunguliwa kwa ajili ya sanaa mwaka 2000, na katika mwaka wake wa kwanza lilipata wageni zaidi ya milioni 5.

Sisi watu wa kanisa, tukisikia habari za umati kama huo, huwa tuna majibu mawili mepesi. La kwanza ni kwamba dunia imepotoka, imeacha madhabahu na kufuata vitu visivyoeleweka. La pili ni kwamba hayo hayatuhusu. Majibu yote mawili yana haraka. Afadhali tuulize kwanza: watu hao wanatafuta nini mle ndani?

Kwa sehemu, wanatafuta nafasi ya kunyamaza na kushangaa. Ukumbi mkubwa uliokuwa na mitambo ya umeme ni mrefu na dari lake liko juu sana, kama la kanisa kuu. Hakuna anayekuuliza dhehebu lako wala umevaa nini. Mwaka 2003 msanii Olafur Eliasson aliweka humo jua kubwa la taa, akatandaza ukungu na kufunika dari kwa vioo. Watu walijilaza chali sakafuni, wasiojuana bega kwa bega, wakijitafuta kule juu. Hakuna aliyewaamuru. Tusiwacheke. Mtu anayelala chali mbele ya mwanga ana njaa ya kustaajabu, na njaa hiyo tunaifahamu, maana ndiyo iliyotuleta wengi wetu ibadani.

Lakini kazi inayotugusa zaidi ni ya Doris Salcedo, mwanamke wa Colombia, iliyofunguliwa katika ukumbi huohuo Oktoba 2007. Hakuleta picha wala sanamu. Alipasua sakafu. Ufa ulianza mwembamba kama uzi, ukaenda ukipanuka na kupindapinda kwa mita 167. Akauita Shibboleth.

Msomaji wa Biblia analijua jina hilo. Katika Waamuzi sura ya 12, watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Waefraimu, ambao ulimi wao haukuiweza sauti hiyo, walisema Sibolethi, wakauawa palepale. Walianguka 42,000, na wote walikuwa wana wa Israeli, ndugu kwa ndugu. Salcedo alieleza kwamba ufa wake unahusu mipaka, ubaguzi, na maisha ya wahamiaji wasiokaribishwa. Kwa hiyo jumba la sanaa lilihubiri sura ambayo sisi hatuifungui mara nyingi. Tujiulize, ni lini mara ya mwisho tuliposikia mahubiri juu yake?

Tukiipima kazi yenyewe, ina udhaifu. Wengi walisimama mguu mmoja huku na mwingine kule, wakapiga picha. Wachache walijikwaa. Asiyejua maana ya jina aliona saruji iliyopasuka, basi. Tena ufa unaorukwa na mtoto si kivuko cha Yordani, kwa kuwa pale hakuna aliyezuiwa kupita. Na hapa ndipo tunapoona raha ya majumba haya pamoja na upungufu wake. Yanakuonyesha jeraha la dunia bila kukudai kitu. Unatazama, unasikitika, unakwenda kunywa kahawa. Usipoonekana Jumapili tatu, jumba la sanaa halitamtuma mtu kuja kukubishia hodi.

Tungependa kumalizia hapo, tukisema kwamba kanisa ndilo linalobisha hodi. Ila tunakumbuka jambo lililotokea katika usharika wetu wenyewe. Dada mmoja alisimama kusoma somo la kwanza. Lugha ya kwao haitofautishi r na l, na penye neno furaha akasoma "fulaha". Kicheko kikaanzia kwenye benchi za vijana, kikafika hadi kwetu sisi wazee, na wengine tulificha midomo kwa vitabu vya nyimbo. Alisoma mpaka mwisho, akarudi kuketi. Hakusoma tena. Baada ya muda alihamia benchi la nyuma karibu na mlango, kisha hatukumwona. Wala hatukwenda kumbishia hodi.

Hatukumdhuru kwa upanga. Lakini tulisimama kivukoni, tukasikiliza matamshi.

Ufa wa Salcedo ulizibwa mwaka 2008, maonyesho yalipokwisha. Hata hivyo kovu lake lilibaki katika sakafu ile, na watu waliendelea kulikanyaga, wengi bila kujua ni nini. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi hii inaongeza neno moja: hata ukiziba, alama hubaki. Kwa hiyo msamaha tutakaomwomba dada yetu hautarudisha asubuhi ile. Hiyo si sababu ya kutouomba.

Zamu za wasomaji wa masomo hupangwa kila mwisho wa mwezi. Kabla ya orodha inayofuata kubandikwa mlangoni, twende nyumbani kwake, sisi tuliocheka, tuombe radhi kwanza. Kisha tumuulize kama angependa jina lake liwemo.