Msimamo wa Mwandishi: Swali Zuri Linalotungwa Vibaya

Ni nadra siku hizi kuona karatasi ya ufahamu isiyo na swali la "Bainisha msimamo wa mwandishi". Sisi tunalipenda swali hili. Ni miongoni mwa machache yanayomlazimu mtahiniwa asome, badala ya kuchopoa sentensi kutoka kwenye kifungu na kuinakili. Kinachotusumbua ni namna linavyotungwa na, zaidi ya hapo, namna linavyosahihishwa.

Tumepitia karatasi kadhaa za majaribio za shule za sekondari hapa Uganda, pamoja na wanafunzi wetu wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha. Katika nyingi, jibu lililomo katika mwongozo wa kusahihisha ni neno moja au mawili: "anapinga", "anaunga mkono". Basi hata anayebahatisha hukosa mara moja tu kati ya mbili. Mada nazo huwa ni zile ambazo jibu la heshima linajulikana kabla ya kusoma: ukataji miti, dawa za kulevya, ajali za barabarani. Nani atasema mwandishi anapenda ajali? Mwanafunzi hutoa maadili aliyofunzwa nyumbani, naye mwalimu humpa alama zote kwa kutosoma.

Hebu tutazame kifungu hiki kifupi tulichokitunga wenyewe:

"Wakuu wa mji walikutana tena juma lililopita kujadili usalama wa waendesha bodaboda. Chai ililetwa, vitafunio vikaletwa, hotuba zikatolewa. Ilipotimu saa saba mkutano ulifungwa, ikaahidiwa kwamba utaitishwa mwingine. Waendesha bodaboda waliokuwa wakisubiri nje wakawasha pikipiki zao, wakaondoka na kofia zao za kinga zenye nyufa zilezile."

Mwanafunzi akiulizwa msimamo wa mwandishi atajibu kuwa anaunga mkono usalama barabarani. Si uongo, ila si jibu. Hiyo ni mada ya mkutano. Mwandishi anaukejeli mkutano wenyewe, ingawa hajatumia hata neno moja la lawama. Tazama "tena": kumbe walishakutana kabla ya hapo. Tazama mpangilio, chai imetangulia hotuba. Halafu ipo kauli ya kutendwa: chai ililetwa, hotuba zikatolewa, ikaahidiwa. Nani aliyeahidi? Hatajwi, na asiyetajwa hadaiwi. Mwishoni nyufa ni "zilezile", maana yake hakuna kilichobadilika tangu mkutano uliotangulia. Mwanafunzi akionyeshwa haya mara mbili tatu ataanza kuyatafuta mwenyewe.

Kiswahili kina mahali pengine pa kuficha msimamo ambapo walimu wengi hupapita haraka, napo ni katika ngeli. "Mzee yule alisimama" na "kizee kile kilisimama" huenda zikamhusu mtu mmoja, lakini mwandishi wa sentensi ya pili amekwisha kutuambia anavyomwona. Wanafunzi wetu wanaozungumza Luganda hawapaswi kupata taabu hapa, kwani wanajua tofauti ya omusajja, akasajja na ogusajja. Hata hivyo hufundishwa kwamba "ki- ni dharau", basi. La hasha! Kipofu, kiziwi na kijana huanza na ki- na hupatanishwa kama watu wengine: kipofu amefika. Anayeandika "kipofu kimefika" ndiye aliyechagua kudharau, na uchaguzi huo unaonekana katika upatanisho wa kisarufi, si katika nomino peke yake. Tena mama anayesema "kitoto changu" hadharau kitu. Anabembeleza, kama vile akaana katika Luganda si tusi. Muktadha ndio uamue.

Vivyo hivyo vitenzi vya kuripoti. "Waziri alieleza kuwa barabara imekamilika" ni taarifa. "Waziri alidai kuwa barabara imekamilika" inamwacha msomaji na shaka. Ukitanguliza "eti", shaka imegeuka dhihaka. Hapa ndipo watahini wenyewe huteleza, wakichukua maneno ya mhusika aliyenukuliwa na kuyafanya msimamo wa mwandishi. Mwandishi akimnukuu mlevi, hajalewa.

Kuhusu maswali ya kuchagua jibu tuna neno moja tu. Chaguo la "kutojali" huwekwa kujaza nafasi, kwani asiyejali haandiki kurasa mbili. Anayeeleza pande zote bila kuegemea upande ni mwingine kabisa, naye astahili chaguo lake.

Tunapendekeza swali hili lipewe alama 3: moja ya msimamo na mbili za ushahidi kutoka kwenye kifungu. Kwa kifungu chetu hapo juu tungeuliza: "Mwandishi anauonaje mkutano wa wakuu wa mji? Taja maneno au miundo miwili inayokuonyesha hivyo." Na kabla ya kuliweka swali katika karatasi, mwalimu alisome kwa darasa jingine bila kifungu. Wakilipata wengi, alitupe atunge lingine.