Grim Fandango: shabiki aliokoa, picha zikabaki

Kama umewahi kuweka gemu ya zamani kwenye kompyuta mpya ukakwama, pengine kosa si lako. Grim Fandango ya LucasArts (1998) ina sehemu moja ya lifti. Mwendo wake ulitegemea kasi ya prosesa, si saa. Kwenye mashine za kasi lifti inachomoka kabla hujafanya kitu, na hadithi ya Manny, wakala wa safari za wafu, inaishia hapo.

Double Fine waliitoa upya 2015. Muziki ulirekodiwa tena na Melbourne Symphony Orchestra, na jamani, unasikilizika! Zamani Manny aliendeshwa kwa kibodi, unamgeuza kama trekta. Shabiki mmoja alishatengeneza njia ya kutumia kipanya, nao wakaichukua kwa ruhusa yake. Ndiyo sehemu ninayoisifu zaidi.

Kilichoniudhi ni mandhari. Manny huchorwa na kompyuta papo hapo, kwa hiyo kumnoa ni rahisi. Kuta na barabara ni picha zilizokamilishwa tangu 1998, nukta 640 kwa 480. Zivute hadi kimo cha nukta 1080: kila nukta inatanuka mara 2.25, na hakuna undani mpya unaoingia. Matokeo? Manny anang'aa mbele ya ukuta wenye ukungu, kama stika.

Inunue tu. Ila kuna kitufe cha kurudisha sura ya zamani, kibonyeze. Huko Manny na ukuta wana ukungu mmoja.