Betri Iliyoisha Ikasomwa Imejaa

Kwenye vilima vya Kisii na Nyamira, siku nyingi jua huwaka asubuhi na mvua ya radi ikashuka alasiri. Betri ya sola ya volti 12 hupata saa chache tu za kuchaji, na anayeitegemea usiku lazima ajue imebaki na nini. Fundi mwenye bodi ya Arduino Uno anaweza kumtengenezea kipimo cha bei nafuu. Shida ni kwamba vipimo vingi vya namna hii hudanganya.

Chipu ya bodi hiyo, ATmega328P, haijui volti. Hulinganisha umeme unaoingia na volti rejea, kisha hutoa namba kati ya 0 na 1023. Bodi isipoelekezwa vingine, rejea ni umeme uleule unaoiendesha, na programu huchukulia ni volti 5 kamili. Sasa ilishe kwa chaja ya simu inayotoa 4.7. Betri ya asidi yenye volti 12.0, iliyobaki na kama robo ya chaji, itasomwa 12.77. Hiyo ni namba ya betri iliyojaa! Mwenye nyumba atawasha taa na redio bila wasiwasi, na betri itakufa mapema.

Dawa imo ndani ya chipu: rejea ya volti 1.1 isiyofuata umeme unaoiendesha bodi. Betri ipitie rezista mbili, ya omu 150,000 kisha ya 10,000 inayokwenda hasi, ili katikati yake, panapounganishwa chipu, volti zigawanywe kwa 16. Volti 14.4 za wakati wa kuchaji zitaingia kama 0.9, na kipimo kitafika hadi 17.6. Napenda jozi hii kwa sababu hunywa umeme kidogo mno, na bado iko ndani ya omu 10,000 ambazo chipu inataka kwenye mlango wake.

Rejea hiyo ya 1.1 nayo hutofautiana chipu kwa chipu, kati ya 1.0 na 1.2, ila ndani ya chipu moja haiyumbi sana. Pima betri mara moja kwa mita nzuri, urekebishe namba kwenye programu.

Halafu kuna saa ya kupima. Mchana paneli hupandisha volti. Usiku taa huzishusha. Somo la kuaminika ni la alfajiri, taa zikiwa zimezimwa kwa saa kadhaa: 12.7 imejaa, 12.2 nusu hivi. Kwa betri nyingi za lithiamu za sola njia hii husaidia kidogo tu, maana volti zake hukaa karibu palepale mpaka chaji inakaribia kwisha.