Solo Zao, Rifu za Wazee

Mwaka 2007 vijana wanne wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, walitoa albamu yao ya kwanza, Enter the Grave, chini ya jina la bendi yao, Evile. Mpe mpenzi wa hevi metali albamu hii bila kumwonyesha jalada, naye atakwambia ni ya 1986, pengine 1987. Wapo waliolichukua jambo hilo kuwa sifa. Wengine, nami nikiwamo, tulijiuliza: kama za 1986 tunazo tayari, hii ni ya nini?

Kusema tu kwamba wamekopi hakumalizi kesi. Thrashi yenyewe, huo muziki wa hevi metali wa kasi uliokomaa California katika nusu ya kwanza ya miaka ya 80, ilizaliwa kwa kukopi, tena mchana kweupe. Kinachofaa kuulizwa ni nini kilikopiwa na nini kikaachwa. Hapo lazima tuingie ndani ya muziki wenyewe.

Tuanze na gitaa la ridhimu, maana bila hilo hakuna thrashi. Uzi mnene kuliko zote, ule wa E, unapigwa wazi bila kubonyezwa popote, huku ubavu wa kiganja cha kulia ukiegemea karibu na daraja la gitaa na kuziba mlio nusu. Kinachotoka hakiimbi. Ni kishindo kifupi, dug-dug-dug, kilicho karibu na ngoma kuliko gitaa. Hiyo ndiyo sakafu. Juu yake mpigaji anatupia noti mbili tatu zisizozibwa, na ladha yote iko hapo. Mara nyingi ni F, iliyo nusu hatua tu juu ya E, au B-fleti, iliyo hatua tatu nzima juu yake. Zote mbili hazipatani na E. Sikio linasubiri zitulie, hazitulii, na kipande kinarudi mwanzo. Kipande hicho kifupi kinachorudiwarudiwa ndicho wanachokiita rifu, na wimbo wa thrashi ni rifu sita, saba, wakati mwingine kumi, zilizoungwa pamoja kwa ustadi au kwa ubishi.

Halafu kuna mkono wa kulia. Mpiga gitaa wa kawaida hupiga uzi kwa kushuka na kupanda, akapata noti mbili kwa mwendo mmoja wa mkono. James Hetfield wa bendi ya Metallica alishikilia kushuka tu. Wimbo "Master of Puppets" wa 1986 unakwenda kwa mapigo yapatayo 210 kwa dakika, na noti za rifu yake kuu hupigwa kwa kushuka. Jaribu hata dakika moja tu, utaona kigasha kinavyowaka. Faida yake ni kwamba kila noti inashuka na uzito uleule. Ukiipiga rifu hiyohiyo kwa kushuka na kupanda, noti ni zilezile lakini kishindo kimekwenda.

Mpaka hapo Evile wamefaulu mtihani. Ndugu wawili, Matt Drake aliyeimba na kupiga ridhimu, na Ol Drake wa solo, wana mikono iliyofunzwa. Uzibaji wa nyuzi ni safi, magitaa mawili yanakwenda sambamba bila moja kuchelewa, na Ben Carter kwenye dramu hapungukiwi na pumzi. Kiufundi, hawa ni wapigaji wazuri kuliko nusu ya bendi za miaka ya 80 wanazoziiga. Solo za Ol Drake ni jambo la peke yake. Zinakimbia, lakini zina mwanzo, kati na mwisho, na msikilizaji anaweza kuzifuata kwa mdomo baada ya kuzisikia mara mbili.

Lakini kuna jambo nililolitafuta katika albamu hii kuliko mengine yote: kilema cha makusudi. Katika beti za "Master of Puppets", baada ya mizunguko mitatu ya mapigo manne manne, wa nne unakatwa kabla haujakamilika. Watu wanabishana mpaka leo umebaki na nusu-pigo ngapi: wako wanaohesabu tano, wako wanaosema ni tano na kidogo. Ukitikisa kichwa bila kuujua wimbo, unajikuta umeachwa nyuma. Kosa hilo dogo, likirudiwa kila baada ya mstari, ndilo linalozifanya beti zile zisukume mbele kama mtu anayejikwaa na kuendelea kukimbia. Sehemu kubwa ya Enter the Grave haina mikato ya namna hiyo. Rifu zinagawanyika kwa nne na kwa nane, zinarudiwa mara nne, inakuja nyingine. Nilipojiandaa kujikwaa, sikujikwaa.

Hilo si jambo dogo, kwa sababu mikato hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1981 Lars Ulrich, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akiishi California, alipanda ndege akiwa na miaka 17 kwenda Uingereza kuifuata bendi aliyoihusudu, Diamond Head, akaishia kupewa malazi na wanamuziki wenyewe. Miaka miwili baadaye bendi yake, Metallica, ikatoa Kill 'Em All, na mwaka 1984 wakaurekodi waziwazi wimbo wa Diamond Head, "Am I Evil?". Diamond Head walikuwa na nyimbo ndefu zenye rifu nyingi na mageuzi mengi, ila mwendo wao ulikuwa wa wastani. Wakati huohuo vijana wale walikuwa wakisikiliza Motörhead, na panki ya Uingereza ya bendi kama Discharge: kasi kubwa, hasira, wimbo wa dakika mbili wenye rifu mbili basi. Metallica walichukua urefu na mikunjo ya upande mmoja, wakachukua kasi ya upande wa pili, wakavilazimisha vikae nyumba moja. Havikukaa kwa raha. Ile misuguano tunayoisikia, mapigo yanayokatwa, rifu inayogeuka kabla hujaizoea, ni matokeo ya ndoa hiyo isiyokuwa na amani.

Slayer, wenzao katika thrashi, nao walikuwa na ndoa yao. Reign in Blood ya 1986, nyimbo 10 zisizofika dakika 30, ilitengenezwa na Rick Rubin, prodyuza aliyetoka kwenye hip-hop ya lebo ya Def Jam. Rubin aliuondoa mwangwi ambao bendi za metali za wakati ule ziliumwaga kila mahali, akaacha gitaa na dramu zikiwa kavu, ziko mbele ya uso wako. Mtu wa hevi metali asingethubutu kufanya hivyo.

Sasa tazama upande wa Evile. Kabla ya kuchukua jina hilo mwaka 2004, walikuwa wakipiga nyimbo za Metallica kwa jina la Metal Militia, ambalo nalo ni jina la wimbo wa Metallica. Kwetu bendi za kopi tunazijua: zinakaa hotelini, zinapiga zilipendwa, watu wanakula na kucheza, na hakuna anayewadai utunzi. Ni kazi halali na ni shule nzuri ya mkono. Maswali yanaanza pale kopi inapoingia studio na kutoka na jina jipya mgongoni.

Na studio waliyoingia ndiyo inayosema yote. Walikwenda Copenhagen, Sweet Silence, kwa Flemming Rasmussen, mtu aliyerekodi Ride the Lightning na Master of Puppets. Ukitaka mlio wa Metallica wa katikati ya miaka ya 80, huwezi kwenda karibu zaidi ya hapo. Lakini kumbuka mlio ule ulipatikanaje. Mapema 1984 vyombo vya Metallica viliibwa Boston, ikiwa ni pamoja na amplifaya ya Marshall aliyoipenda Hetfield. Walipofika Copenhagen kurekodi Ride the Lightning ilibidi yeye na Rasmussen wautafute mlio upya kwa mashine nyingine, wakijaribu na kukosea. Mlio tunaouabudu leo ulitokana na wizi na haja. Evile walifika mahali palepale miaka 23 baadaye wakijua kabla ya kuwasha mashine matokeo yatakavyosikika. Walilipia jibu. Swali hawakuwahi kuwa nalo.

Sauti ya kuimba nitaipitia haraka. Matt Drake anabweka zaidi ya kuimba, katikati ya Hetfield kijana na Tom Araya wa Slayer, na kwa muziki huu inatosha. Ngoma nazo zinatumia mwendo uleule wa thrashi, mguu na snea vikipokezana kwa kasi maradufu, ambao wenyewe ni urithi wa panki. Wanaupiga vizuri. Hakuna la kuongeza.

Mashairi yanahitaji maneno zaidi kidogo, kwani hapo ukosefu wa jambo jipya unaonekana hata kwa asiyejua gitaa. Majina ya nyimbo yanatosha. "First Blood" ni jina la filamu ya Rambo ya 1982. "Killer from the Deep" ni papa wa sinema. "We Who Are About to Die" ni wapiganaji wa Roma ya kale. "Schizophrenia" tayari lilikuwa jina la albamu ya Sepultura ya 1987. Na "Thrasher" ni wimbo wa thrashi kuhusu thrashi. Bendi za miaka ya 80 zilipoimba juu ya mabomu ya nyuklia, kweli mabomu yalikuwapo, yameelekezwa kwao. Mwaka 2007 wanajeshi wa Uingereza walikuwa bado Basra, Iraq. Vita vya Enter the Grave ni vya kwenye skrini na vya kwenye vitabu vya historia.

Wasibebe lawama peke yao. Nyuma yao ilikuwapo lebo ya Earache ya Nottingham, na historia yake ina kejeli ndani yake. Hii ndiyo lebo iliyotoa Scum ya Napalm Death mwaka 1987, albamu ambayo ilipotoka haikufanana na kitu chochote. Takriban miaka 20 baadaye lebo hiyohiyo ikagundua kwamba kuna soko la kumbukumbu: ikawasaini Municipal Waste, Evile, Gama Bomb, na Bonded by Blood, ambao jina lao walilitoa moja kwa moja kwenye albamu ya Exodus ya 1985. Mwaka 2007 ikawakusanya wapya kwenye mkusanyiko ulioitwa Thrashing Like a Maniac. Sare ikawa moja: koti la dangirizi lililokatwa mikono na kujazwa viraka vya bendi za zamani, suruali ya kubana, raba nyeupe. Municipal Waste walifika hata kumtafuta Ed Repka, mchoraji wa majalada ya Megadeth ya 1986 na 1990, awachoree Hazardous Mutation. Mimi Municipal Waste nawasamehe, kwa sababu wao tangu mwanzo walijua ni utani na wakautania vizuri. Evile hawatanii.

Mtu anaweza kusema, basi thrashi imekwisha, hakuna kipya cha kutolewa humo. Si kweli, na ushahidi ulikuja miaka miwili tu baada ya Enter the Grave. Mwaka 2009 bendi ya Vektor kutoka Arizona ilitoa Black Future. Nao wamekopi: wameazima mengi kwa Voivod wa Quebec, kuanzia noti zinazogombana za gitaa hadi nembo ya jina lao, kiasi kwamba ukiiona unacheka. Ila hawakuishia hapo. Sauti ni ya mayowe makali yaliyotoka kwenye bleki metali, tawi jingine la metali, mpangilio wa nyimbo unarefuka mpaka kuvuka dakika 10, na mwendo unabadilika ndani ya rifu moja. Sakafu ni ileile ya uzi wa E uliozibwa, lakini walioalikwa kukaa juu yake hawakuwahi kukutana. Baadaye Power Trip wa Dallas walifanya hivyo kwa njia nyingine katika Nightmare Logic ya 2017: rifu chache, nzito, zenye uzito wa panki ya New York, hakuna urembo. Bendi hizi mbili hazifanani hata kidogo, na zote ni thrashi.

Tofauti basi haiko kwenye kiasi cha kukopi. Metallica walikopi pande mbili au tatu zisizoelewana. Vektor hivyohivyo. Evile, kwenye albamu hii, walikopi upande mmoja ambao ulikuwa umeshachanganywa na kuiva, na kitu kilichoiva ukikichukua kilivyo hakina misuguano ya kukuzalishia kingine. Ndiyo maana nyimbo zao zinasikika sahihi kila mahali na hazishangazi popote. Inaelekea wenyewe walilihisi hilo, kwa sababu Infected Nations ya 2009 ilipunguza kasi, ikarefusha nyimbo, na ikafunga kwa kipande cha takribani dakika 11 kisicho na maneno kabisa. Si albamu kamili, ina sehemu zinazoburura, lakini ndani yake kuna watu wanaotafuta.

Kwa hiyo, kama una kijana anayejifunza gitaa na anataka kujua mkono wa kulia wa thrashi unavyotakiwa kufanya kazi, mpe Enter the Grave, na amsikilize Ol Drake kwa makini zaidi. Kama unataka utunzi, pesa yako ipeleke kwenye Black Future.